Jani kwa Kila Kuku

Kulikuwako nchi, na mkisema hakuna nchi ya namna hiyo mtakuwa mmesema vyema, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inawataka watu wote waseme hivyo. Ilikuwa na mlima, mto, wimbo na Mlezi Mkuu. Mlima na mto vilikuwapo kabla yake, ila wimbo ulieleza vinginevyo.

Asubuhi moja Mlezi Mkuu, ambaye alikuwa ametoka ziarani ugenini, aliletewa yai la kuchemsha. Akalipasua, akachungulia ndani, akanuna. Kule ugenini viini vya mayai vilikuwa na njano iliyokolea kama ua la alizeti. Hiki cha nyumbani kilikuwa kimepauka kama uso wa mtu anayetoka hospitali bila dawa.

"Kwa nini?" akauliza.

Neno hilo moja likawa sera ya taifa kabla chai haijapoa. Mawaziri walikutana wakiwa wamesimama, maana kukaa wakati kiini kimepauka kungeonekana dharau. Akatafutwa mtaalamu wa kuku, bwana mmoja wa sweta, ambaye hakuwahi kufika Ikulu na kwa hiyo alisema ukweli.

"Waheshimiwa, jambo lenyewe ni dogo," alisema. "Chukueni majani ya lukina, ule mti wa malisho ya mbuzi. Yaanikeni kivulini, yasageni, changanyeni konzi moja ya unga wake katika debe la pumba. Kiini kitakolea. Lakini isizidi konzi. Jani lile lina sumu ndani yake. Mbuzi anaiweza, kuku haiwezi. Akizidishiwa ananyonyoka manyoya na kuacha kutaga."

Wakampigia makofi, wakamtoa nje.

Sasa, nchi ile ina desturi yake ya kikazi ambayo wageni huchelewa kuielewa. Agizo haliruhusiwi kutoka ofisini na umbo lilelile lililoingia nalo. Ofisa anayepokea konzi na kuteremsha konzi huulizwa: na wewe mchango wako uko wapi? Basi Wizara ikapokea konzi, ikateremsha kibaba kizima: konzi moja ya kitaalamu, na kilichobaki cha uzalendo. Mkoa ukaongeza kibaba cha kumshukuru Waziri. Wilaya ikaongeza pishi ya kuushukuru Mkoa. Tarafa haikuwa na wa kumshukuru aliyebaki, ikaongeza pishi ya tahadhari. Agizo lilipofika Kata ya Mtopetope lilikuwa limenenepa hadi likapinduka: debe la majani, konzi ya pumba.

Yule bwana wa sweta alisikia, akapanda basi, akaja kupiga kelele wizarani. Hawakumfunga, nchi ile haina ubaya. Walimpa ubalozi katika kisiwa kisichokuwa na kuku wala watu.

*

Hapo Mtopetope alikaa Bi Chausiku, mjane aliyekuwa na maradhi ya kumbukumbu. Hayo ndiyo maradhi pekee ambayo serikali ile haikuwahi kuishiwa dawa yake.

Alikumbuka mwaka ulioamriwa migomba yote ikatwe, zipandwe alizeti zitakazoelekea Ikulu badala ya kulifuata jua. Alizeti zilikaidi, wakafungwa wakulima. Alikumbuka mwaka wa kupeleka mikia ya panya, pale ambapo watu wema walilazimika kufuga panya ili wapate mikia. Alikumbuka mwaka wa kuuhamisha mto, na jina la kila jirani aliyezama katika kuuhamisha. Watu walikuwa wakimwambia, "Bi Chausiku, yaache hayo, yamepita." Naye akijibu, "Yamepita wapi? Nionyesheni njia yaliyopita, niende nikahakikishe."

Lakini msimu huu Bi Chausiku hakuwa na nafasi ya kukumbuka. Bintiye Mboni alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na uzazi ule ulikuwa umeondoka na damu nyingi kuliko haki yake. Mboni alilala chali, viganja vyeupe, midomo kama majivu. Akimwinua mtoto kumnyonyesha, mikono ilitetemeka, na maziwa yalikuja kwa kubembelezwa.

Nesi Tunu wa zahanati alimvuta Bi Chausiku pembeni.

"Mama, sikufichi. Dawa ya kuongeza damu imekwisha. Gari la kuifuata lipo, lakini limeenda kubeba majani. Mpe yai. Kila siku yai, na ukipata supu, supu. Asipopata kitu cha kurudisha damu, mama yangu, utabaki na mjukuu peke yake, na huyo naye hatakaa."

"Yai," alisema Bi Chausiku.

"Kila siku."

Kuku aliyekuwa akitaga nyumbani kwake alikuwa mmoja tu, tetea mweupe pe, aliyeitwa Bibi Harusi kwa jinsi alivyotembea na mkia wake kama anaburura shela. Uhai wa Mboni ulikuwa unapitia mkiani mwa kuku huyo, na hapakuwa na njia nyingine.

*

Magari ya majani yakafika. Kila nyumba ilishushiwa magunia, na mjumbe wa mtaa akasimama mlangoni kuhakikisha kuku wanakula. Watu waliacha kuamkiana kwa salamu za kawaida. Mmoja alisema "Jani!", mwenzake akaitikia "Kiini!", na aliyesahau kuitikia aliandamana na mgambo.

Kuku walikula, maana pumba zaidi ya ile konzi zilikuwa zimepigwa marufuku na njaa haina chama. Haukupita muda, shingo zikaanza kuonekana. Kisha migongo. Kisha mapaja. Ukipita Mtopetope ungedhani vichanga vimetambaa vyote vikatoka nje siku moja.

"Shoga, njoo uone!" jirani yake Semeni aliita kutoka uani. "Jogoo wangu katoka bafuni kasahau nguo!"

"Geuza macho, Semeni. Huyo ni mume wa watu."

"Mume gani! Tangu anyonyoke hata kuwika anaona haya."

Wakacheka, kisha kicheko kikakauka, kwa sababu walipotazama viotani hapakuwa na yai. Si kwa Semeni, si kwa jirani wa Semeni, si mtaa mzima. Majani yalikuwa yameziba mayai kama kizibo.

Palikuwa na yai nyumbani kwa Bi Chausiku peke yake, au ndivyo alivyodhani. Yeye magunia yake aliyapokea kwa mikono miwili, akaitikia "Kiini!" kwa sauti ya kupasua koo, na mjumbe alipogeuka akayamwaga chooni. Bibi Harusi alimficha chini ya kitanda cha Mboni. Huko alimlisha pumba za kuiba, mchwa, na mchicha uliojiotea karoni. Kila asubuhi kuku alitoa sauti ndogo ya kujisifu, na Bi Chausiku akapiga goti kuingiza mkono chini ya kitanda kama mtu anayeswali. Mboni akala yai lake. Midomo ikaanza kuondoka kwenye majivu na kuelekea kwenye damu.

*

Ndipo Waziri wa Kuku, Mayai na Rangi, Mheshimiwa Tondoo, alipolihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi! Wako watu, na tunawajua, wanaouliza manyoya yamekwenda wapi. Mimi nawauliza: yalikuwa yanafanya nini? Kuku wa mkoloni alikuwa na manyoya! Kuku wa ujinga alikuwa na manyoya! Kuku wetu amejinyonyoa mwenyewe, bila kuombwa, ili kumpunguzia mama wa taifa hili kazi ya kuchemsha maji! Na wako wanaouliza mayai yamekwenda wapi. Mayai yapo. Yanajipanga ndani. Yatatoka kwa mkupuo! Kuanzia leo kuku atakayekutwa amevaa manyoya atahesabika hajala jani, na anayemnyima kuku jani anamlisha adui!"

Siku ileile Waziri alinyoa kipara kuonyesha mshikamano. Kufikia Ijumaa hapakuwa na unywele katika Baraza la Mawaziri, isipokuwa wa Mlezi Mkuu, ambao uliendelea kwa kibali maalumu.

Bi Chausiku alizima redio, akaangalia chini ya kitanda. Bibi Harusi alimwangalia naye, mweupe, mnene, amevaa kikamilifu. Alikuwa ushahidi unaotembea.

"Mama, usimfanyie hivyo," alisema Mboni, aliyemjua mama yake kwa namna alivyopumua.

"Wakimkuta amevaa watamchukua, na mimi nyuma yake. Wakimkuta uchi watampita. Utakula nini wakimchukua, mwanangu? Utakula hotuba?"

"Basi mchinje. Nile mara moja yaishe."

"Nikuchinjie nyama ya siku mbili? Damu yako hairudi kwa siku mbili. Mshike mtoto asione."

"Mtoto hana hata macho ya kuonea, mama."

"Basi wewe usione."

Akampakata kuku magotini, akampaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto ili ngozi ilegee, akaanza. Unyoya wa kwanza kuku alishtuka. Wa pili alilia. Baada ya hapo alilia mfululizo, sauti ya kupasua ukuta, na Bi Chausiku akamwambia Mboni afungue redio, apandishe sauti. Ulikuwa ukipigwa wimbo wa taifa. Akanyonyoa kwa mapigo ya wimbo huo, huku machozi yakimdondokea kuku mgongoni na kuchanganyika na mafuta.

Kutoka nyumba ya pili redio ikapandishwa. Kisha ya tatu. Kisha ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima ukawa unanguruma wimbo wa taifa, na chini ya wimbo, kwa mwenye sikio, palikuwa na vilio vya kuku. Bi Chausiku akajua hakuwa peke yake aliyeficha. Mjumbe alisimama njiani akiwa ametulia tuli, kifua mbele, akifurahi jinsi watu wake walivyoipenda nchi.

Bibi Harusi akabaki mwekundu na madoadoa, anatetemeka. Bi Chausiku akamfunga kipande cha kanga, akamlaza kitandani karibu na mtoto, wapashane joto. Asubuhi iliyofuata, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu na kwa ubishi wa kuku mwenyewe, yai lilikuwapo.

*

Afisa Ukaguzi wa Kuku wa Kata aliitwa Kinyogoli, kijana aliyekulia mtaa huohuo na ambaye Bi Chausiku alikuwa amempangusa makamasi mara nyingi. Alifika akiwa na kipara kipya na ubao uliopakwa mistari ya rangi, kuanzia njano ya maradhi hadi njano iliyoitwa Tabasamu la Mlezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Salamu imekwisha. Tuanze serikali. Jani!"

"Kiini!"

"Kuku yuko wapi?"

Bi Chausiku akamfunua. Kinyogoli akamgeuza huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yupo uchi, hana hatia. Alikuwa tayari ameshika komeo la mlango aende nyumba ya pili, ndipo Bibi Harusi, ambaye siasa hakuisoma, alipojikunja juu ya godoro, akataga, na kutangaza.

Kinyogoli aligeuka kama aliyeitwa na marehemu. Kwa ripoti zake, katika kata nzima hapakuwa na yai. Katika wilaya hapakuwa. Waziri mwenyewe alikuwa ameacha kuuliza.

"Kataga," alinong'ona. "Hana unyoya, na kataga!"

"Ni bahati tu, baba. Lilikuwa la zamani, limechelewa."

"Hapana, mama. Hii ndiyo sera!"

Akaliokota yai likiwa na joto lake, akaomba sahani, akalipasua kabla hajapewa jibu. Kiini kikakaa katikati, duara, kizito, njano ya mchicha na mchwa. Akauweka ubao karibu. Mstari wa mwisho kabisa: Tabasamu la Mlezi. Mboni, kitandani, alikitazama kile kiini bila kupepesa. Hicho kilikuwa chakula chake cha siku.

"Baba," alisema Bi Chausiku, "ukishapima mpe huyu. Ni mgonjwa."

"Serikali haiachi ushahidi mikononi mwa watu, mama." Akainua sahani, akalimeza yai bichi, akajifuta midomo kwa ubao wa rangi. "Na huyu kuku si wako tena. Ni wa taifa. Anakwenda Maonyesho ya Mkoa, Mlezi Mkuu mwenyewe anakuja."

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Wahenga hawakuwahi kumwona mwewe mwenye gari. Gari lilikuwa nje, injini inawaka. Bi Chausiku alishika tenga, akagoma kuliachia, akaburuzwa nalo hadi barabarani, mpaka Kinyogoli akafikiri tena, kwa sababu hapakuwa na ofisa hata mmoja aliyejua jinsi ya kumweka hai kuku.

"Haya, panda. Utakuwa Mtunzaji."

"Nenda, shoga," Semeni alisema, akiwa tayari amempokea mtoto mikononi. "Nitampa Mboni uji. Lakini uji wenyewe ni maji yaliyouona unga kwa mbali. Usirudi mikono mitupu."

*

Kwenye Maonyesho, Bibi Harusi alijengewa nyumba ya vioo yenye zulia. Wananchi walipanga foleni kumtazama, wakiwa wamevaa kofia za majani. Bi Chausiku alimlisha kwa siri mchicha aliouchuma nyuma ya vyoo vya wageni, na kuku akaendelea kutaga, na kila yai lilipotoka lilipigiwa mizinga.

"Naomba hili," alimwambia ofisa wa itifaki asubuhi ya kwanza. "Nina mgonjwa."

"Hili ni la Mkuu wa Mkoa."

"La kesho?"

"La kesho ni la Waziri. La keshokutwa ni la makumbusho. Baada ya hapo kuna mabalozi. Andika jina lako mwisho, mama, nchi hii ina usawa."

Kisha dereva mmoja wa lori la majani akamletea salamu kutoka Mtopetope. Semeni amesema Mboni jana alishindwa kukaa. Semeni amesema mtoto analia, lakini kwa sauti ndogo. Semeni amesema, shoga, usichelewe.

Bi Chausiku alisimama hapo hapo, mkono mdomoni. Alijua wangemweka mbele ya kipaza sauti siku ya kilele, wamwamuru aseme "Asante Mlezi". Alikuwa ameazimia kusema hivyo na kwenda zake na kuku. Lakini hasira ina mahali pake inapofika, ikawa nyepesi, mtu akaona hana tena cha kuogopa isipokuwa kile ambacho tayari kinatokea.

Siku ya kilele Mlezi Mkuu aliketi juu chini ya mwavuli. Mheshimiwa Tondoo alihutubia mpaka kipara kikababuka. Kisha akamvuta Bi Chausiku mbele.

"Na sasa mama huyu, mzalendo, mkulima wa kawaida kabisa, atawaeleza kwa kinywa chake jinsi jani lilivyomvua kuku wake!"

Bi Chausiku akakaribia kipaza sauti.

"Jani halikumvua," alisema. "Nilimvua mimi. Nilimnyonyoa akiwa hai, magotini pangu, na alilia. Majani yenu niliyamwaga chooni. Kuku huyu anataga kwa sababu hajawahi kuyala. Kwangu kuna binti hana damu, na mayai yake mnakula nyinyi. Nipeni kuku wangu niende."

 Kofia za majani zote ziliacha kuchakacha. Kisha kutoka nyuma kabisa sauti ya mwanamke ikasema, "Hata mimi nilinyonyoa." Nyingine upande wa pili: "Na mimi, redio ikiwa juu!" "Na mimi, kuku wangu wote!" Mikono ikaanza kuinuka, mikono ya wanawake na ya wanaume, yenye mikwaruzo ya kucha za kuku, ikainuka mpaka uwanja ukawa kama shamba lililoota vidole.

Kwa muda mfupi, na nawaambia jinsi ilivyokuwa, mtu angeweza kudhani kuna kitu kitatokea katika nchi ile.

Mheshimiwa Tondoo alitokwa na jasho. Alimtazama Mlezi Mkuu. Mlezi Mkuu alitabasamu, bila sababu, kama kawaida yake. Hiyo ikamtosha Waziri. Akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Mmesikia! Mmesikia wenyewe! Wananchi hawakusubiri jani! Wamenyonyoa kwa hiari, kwa mikono yao, na wimbo wa taifa ukiwa unapigwa! Ni nchi gani nyingine duniani yenye watu wa namna hii? Kuanzia leo natangaza Jumamosi ya Kunyonyoa, kila nyumba, kila juma! Na mama huyu ndiye Mnyonyoaji Mkuu wa Taifa!"

Bendi ikapiga. Wale walioinua mikono walitazamana, kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa tayari juu na mgambo walikuwa wanatazama, wakaanza kupiga makofi.

"Nipeni kuku wangu!" Bi Chausiku alipiga kelele, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, na shingoni wakamtundikia nishani ya bati yenye umbo la jani.

*

Alikimbilia kwenye nyumba ya vioo. Zulia lilikuwapo. Kuku hakuwapo.

"Amekwenda wapi?"

"Hongera sana, mama," alisema ofisa wa itifaki, akimpa mkono. "Mlezi Mkuu ameguswa na maneno yako. Ametaka kumwonja. Katika nchi hii hakuna heshima iliyo juu ya hiyo."

Jikoni, nyuma ya ukumbi wa wageni, mpishi aliyeitwa Feruzi alikuwa anakaanga vipande katika mafuta. Alimwona mwanamke amesimama mlangoni na nishani ya bati, anaangalia kikaango. Feruzi hakuwa shujaa. Alikuwa na watoto. Lakini alikuwa amepika katika nyumba za wakubwa kwa miaka mingi na alijua uso wa namna ile.

"Alikuwa wako?"

"Wa binti yangu."

"Siwezi kukupa kipande. Vimehesabiwa vikiwa vibichi, vitahesabiwa vikiiva." Akatazama nyuma, akafunua sufuria lililokuwa pembeni. "Alikuwa mgumu, nilimchemsha kwanza. Hii supu naamriwa kuimwaga. Supu ni chakula cha wagonjwa, na katika nchi hii mkubwa haugui, kwa hiyo haiingii mezani. Una chombo?"

Hakuwa na chombo. Feruzi akatafuta kopo kubwa la maziwa, akalisuuza, akalijaza hadi ukingoni supu ya njano yenye macho ya mafuta, akaweka chumvi, akafunika kwa sahani ndogo na kufunga kwa kitambaa.

"Tembea kama mtu aliyebeba maji ya kuogea," alisema.

Langoni mlinzi alimsimamisha. Kila chombo kinachotoka ukumbini lazima kionjwe, huenda ni sumu inayokwenda kuwadhuru wananchi. Akaonja. Akaonja tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na uhakika. Kwenye kizuizi cha barabara, askari akamshusha kwenye lori la majani alilokuwa amelidandia. Mazao ya mifugo hayavuki wilaya bila kupimwa utamu. Walikuwa askari wengi, na kila mmoja alikuwa na ulimi wake. Bi Chausiku alirudi juu ya magunia ya majani, akalikumbatia kopo tumboni kwa mikono miwili, na lori liliporuka shimo alijipinda yeye ili supu isimwagike.

Alishuka Mtopetope jua likiwa bado juu. Kinyogoli alikuwa amesimama mwanzo wa mtaa, ubao wa rangi kwapani.

"Shikamoo, mama. Hongera kwa cheo. Hicho nini?"

"Marahaba. Baba, hii ni supu ya Mboni."

"Najua, mama. Ndiyo maana nitaonja kidogo tu, kwa niaba ya Kata."

Akaonja kwa niaba ya Kata. Alipomrudishia kopo hakumtazama usoni.

Semeni alikuwa mlangoni na mtoto begani.  Alisogea, akampisha.

Mboni alikuwa amelala kama alivyomwacha, ila mdogo zaidi. Macho yalifunguka polepole. Bi Chausiku alikaa kitandani, akamwinua kichwa, akampakata kama alivyompakata siku alipozaliwa, akamwekea kopo mdomoni. Supu iliyobaki ilikuwa chini kabisa. Ilibidi kopo liinuliwe hadi likafunika uso.

Mboni akanywa. Koo lilisogea, likapumzika, likasogea. Kopo lilipoondolewa, palikuwa na mafuta kidogo kwenye mdomo wa juu, naye akayalamba.

"Tena, mama," alisema.

Semeni akageuka ukutani.

Bi Chausiku alikwenda jikoni, akamimina maji ya moto ndani ya lile kopo tupu, akalitikisa kwa nguvu ili kuta zake ziachie kila zilichoshika, akarudi, akampa. Mboni akanywa na hayo, yote, macho yamefumba.

"Tena," alisema.